Wiki Moja ya Kotiji Namba Tisa

Nyakio alistaafu kazi akiwa amechoka, lakini uchovu haukustaafu naye. Watu wa mtaa wa Section 58 humwona asubuhi akifagia mbele ya geti lake, kitambaa kichwani na sweta ya kijani mabegani, na kusema yule mama bado ana nguvu zake. Waongo. Kila anapoinama goti la kushoto hulalamika, na kila anapoinuka mgongo huchukua zamu. Ana miaka sitini na miwili. Ishirini na minane kati ya hiyo aliimaliza jikoni, katika shule moja ya bweni kule Rongai, akiwapikia wavulana mia sita: uji kabla jua halijatoka, githeri ya mahindi na maharagwe saa saba, ugali na sukuma jioni. Alisonga ugali huo kwa mwiko uliomfika begani. Mtu wa aina hiyo ukimwambia kuna kitu kinaitwa likizo, atakuuliza kinaliwa na nini.

Na bado, kwa miaka kumi na minne, Nyakio alikuwa na likizo yake mwenyewe. Alikuwa nayo kwenye karatasi iliyopigwa muhuri, jina lake chini ya jina la mumewe: wiki moja kila mwezi wa nane, katika kotiji namba tisa ya risoti moja kando ya Ziwa Naivasha, kwa muda wa miaka tisini na tisa. Risoti yenyewe siitaji jina, kwa sababu wenyewe hawakumkosea mtu. Aliyekosea ni Mwaura, mume wa Nyakio, na alikosea kwa moyo safi. Kosa la namna hiyo ndilo gumu zaidi kumtoa mtu ndani yake.

Kwanza nieleze biashara hiyo, maana hata mimi ilinichukua muda kuielewa. Kuna watu wa hoteli. Hao huja kwa siku mbili tatu, wanapikiwa, wanatandikiwa, wanalipa, wanaenda zao na kusahau hata rangi ya shuka. Halafu kuna wenye wiki. Mwenye wiki hununua wiki yake mara moja tu. Kila mwaka wiki hiyo ikifika, kotiji ni yake, na mna jiko, sufuria, sahani na meza, ajipikie kama yuko kwake. Wiki ikiisha anafungasha, na mwenye wiki inayofuata anaingia. Watu hamsini na wawili kwa nyumba moja, kila mmoja na cheti chake, na kila mmoja analipa ada ya kutunza mahali pale, awe amekuja au hakuja.

Mwaura alikutana na habari hizi kwenye maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, mwaka aliostaafu ukarani katika ghala la nafaka. Aliingia hemani kukwepa jua. Binti mmoja mwenye sauti ya redioni akampa kiti na juisi, akamwonyesha picha. Wengine waliopewa juisi siku hiyo walisikia habari za kupumzika. Mwaura alisikia habari za shamba.

Usicheke. Watu wa bonde hili wana sababu zao. Baba zao waliponunua mashamba ya walowezi, hawakununua ekari. Walichanga kwa kampuni wakapewa cheti. Cheti kikawekwa sandukuni, chini ya nguo za kanisani, kikangoja miaka kumi, kumi na mitano, hadi siku moja wapimaji wakaja na minyororo yao, shamba likakatwa, na kila mwenye cheti akaonyeshwa kipande chake. Aliyechoka kungoja akauza cheti kwa bei ya mbuzi wawili analia mpaka leo. Kwa hiyo Mwaura alipoona nyasi, ziwa, nyumba ya mawe na karatasi yenye muhuri, hesabu yake ilikwenda pale pale ilipofundishwa kwenda. Leo wanauza wiki. Kesho wenye kampuni watazeeka au watarudi kwao, kama walowezi walivyorudi, na mahali pale patagawanywa kwa wenye vyeti. Akatoa kiinua mgongo chake chote. Hakumwambia mtu wa risoti kwamba ameshawagundua.

Jambo la pili lilikuwa la baba yake, mzee Muturi. Huyo alikuwa na cheti, na alionyeshwa kipande chake huko Subukia, lakini alichelewa kujenga. Siku alipokwenda na miti na mabati alikuta kibanda cha mtu mwingine, moshi unatoka juu ya paa, na mwanamke anamenya viazi mlangoni. Mwenye kibanda akamwambia, bila hasira, kwamba yeye ndiye anayeishi pale. Kesi ilikwenda miaka ishirini na miwili. Mzee Muturi alikufa kabla haijaisha, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akirudia neno lile lile: kama moshi ungekuwa wake, hakuna ambaye angethubutu.

Basi Mwaura akatunga sheria mbili za kotiji namba tisa. Wiki lazima ikaliwe kila mwaka, mvua au jua. Na jikoni lazima papikwe. Kula kwenye hoteli ya risoti, mita mia moja kupanda kilima, ilikuwa marufuku.

"Tukianza kula pale tutakuwa wageni," alikuwa akisema. "Na mgeni hana haki mahali."

Jiko lenyewe lilikuwa la gesi na halikutoa moshi hata kidogo, lakini ukimwambia hivyo alikuwa anageuza mazungumzo.

Unajua nani alikuwa wa kupika. Kila mwezi wa nane gari la Kabiru, kifungua mimba wao, lilipakiwa nusu gunia la viazi, kabeji, unga, maharagwe, mafuta, kuku wawili walio hai na sufuria kubwa, kwa sababu zile za kotiji zilikuwa za watu wawili wanaopendana. Kabiru alikuja na mkewe na watoto. Sue, binti yao mwenye duka Mai Mahiu, alikuja na wake. Binamu za Mwaura waliitwa pia, maana watu wengi ni ushahidi. Nyumba ya watu sita ililaza kumi na wanne. Nyakio aliamka wa kwanza na kulala wa mwisho, katika jiko ambalo ukifungua mlango wa friji huwezi kupita.

Jiko lile lilikuwa na dirisha lililotazama bustani ya hoteli. Ukae ukijua kwamba hapo ndipo alipoteseka. Aliwaona wanawake wa rika lake wameketi kwenye viti virefu, wamevua viatu, miguu juu. Mhudumu anakuja na trei. Mwanamke hainuki, hasaidii hata kushika kikombe, anasema asante tu na kuendelea kuangalia mbele. Nyakio aliwatazama huku akimenya viazi. Hakuwaonea wivu wa nguo wala wa magari. Aliionea wivu ile chai, kwa sababu imekuja yenyewe. Ziwa alilijua kwa kusikia tu, kwa maana miaka yote hiyo hakupata dakika ya kulikodolea macho.

Mwaka wa sita aliuliza.

"Baba Kabiru, kwani hatuwezi kula pale siku moja tu? Jumapili tu, tukitoka kanisa."

Mwaura alimwangalia kama mtu aliyeambiwa auze kaburi la baba yake. Nyakio akarudi kwenye viazi, na hakuuliza tena.

Naye Mwaura alikuwa na kazi yake. Mwaka wa tatu alikuja na miche ya kayaba, ule mti wa miiba ambao kila mtu huku anauzungushia shamba, akaipanda kuzunguka kotiji kwa kamba na kipimo. Mwaka uliofuata hakukuta hata mmoja. Akapanda tena. Alipanda mara tano, na mtunza bustani akang'oa mara tano, na kila walipokutana walisalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto. Mwaura aliliona jambo hilo kama kesi inayoendelea.

Mwaka huu ziwa likapanda. Lilikuwa likipanda kidogo kidogo kwa miaka, watu wakisema litarudi, lakini safari hii liliingia hadi kwenye nyasi za kotiji. Risoti walipiga simu mwezi wa saba kuwaarifu. Kabiru akasema hawezi kuleta watoto mahali pa maji. Sue akauliza habari za viboko, kisha akasema duka halina mtu wa kumwachia. Binamu hawakupokea simu.

"Wakati wengine wanakimbia ndio wewe unatakiwa uwe pale," Mwaura akasema. Akamwomba Kabiru awapeleke wao wawili tu. Kabiru aliwafikisha Jumamosi saa sita, akashusha mizigo, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, akageuza gari.

Aliyewapokea ni Cheptanui, msichana anayeshughulikia wenye wiki. Aliwapa maji ya kunywa, akawakalisha.

"Mum, Baba, poleni na safari. Kotiji ya kwanza mpaka ya sita zimeingia maji kabisa. Number nine ndani bado iko sawa, lakini maji imefika kwa ngazi. So management imesema owners wote wa wiki hii tuwapatie rooms huku hoteli. Chakula yote iko ndani, hamlipi kitu."

Nyakio alisikia neno chakula, kisha hakusikia mengine kwa muda.

Kulikuwa na fomu pia. Cheptanui aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Wenye wiki walipewa kuchagua. Wangeweza kubaki na wiki yao na kulipa ada kama kawaida, wakingoja ziwa lirudi, na hakuna aliyejua litarudi lini. Au wangeweza kuiachilia wiki, na badala yake wakapewa usiku tano hotelini kila mwaka kwa miaka kumi, watu wawili, pamoja na chakula. Majina mawili yako kwenye cheti, kwa hiyo sahihi mbili zilitakiwa. Mwisho ni Ijumaa.

"Na baada ya hiyo miaka kumi?" Mwaura akauliza.

"Baada ya hapo mnakuwa tu wageni kama wageni wengine, Baba."

"Na cheti?"

"Mnarudisha."

Mwaura alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye amengoja miaka kumi na minne waanze kuvitaka vyeti, na sasa wameanza. Akasimama, akabeba gunia la viazi begani mwenyewe, akaanza kuteremka kwenda namba tisa. Nyakio aliangalia ufunguo wa chumba uliokuwa mkononi mwa Cheptanui. Kisha akabeba sufuria, akamfuata.

Maji yalikuwa kweli kwenye ngazi ya chini, yametulia, yamejaa nyasi zilizooza. Sakafu ilikuwa baridi na majimaji. Mlinzi akawaambia wasitoke jioni kwa sababu viboko hupanda kula nyasi. Mwaura akaketi kwenye baraza akiwa amevaa gambuti, cheti ndani ya bahasha mapajani, akaangalia maji kama mtu anayemlinda ng'ombe. Nyakio akapika. Alipika Jumamosi jioni, akapika Jumapili mara tatu, kwa watu wawili tu, na alishangaa kwamba kuwapikia watu wawili kunaweza kuchosha hivi. Alihisi uchovu huo hadi kwenye meno.

Jumatatu asubuhi bomba likaanza kutoa matope. Nyakio akachukua mtungi, akapanda kilima kwenda kuomba maji hotelini. Alipofika mapokezi hakukuwa na mtu, na kulikuwa na kiti kikubwa cha ngozi karibu na mlango. Akaketi apumzishe goti kwanza kabla hajaita mtu.

Alipofungua macho ilikuwa saa tisa alasiri. Mtu alikuwa amemfunika shuka nyekundu ya Kimaasai mpaka kidevuni, na mtungi wake ulikuwa umesimamishwa vizuri kando, umejazwa maji. Akainuka nusu.

"Kimeungua?" akauliza.

"Nini, Mum?" Cheptanui alikuwa kwenye meza yake.

"Chakula."

"Hakuna chakula yako hapa, Mum. Tulia. Lunch yenyewe ndio iko, nilikuwekea. Nilete?"

Nyakio alihitaji muda kulielewa swali hilo. "Nani amepika?"

"Chef wetu. Anaitwa Kiptum."

"Mwambie nimeshukuru," Nyakio akasema. Katika miaka ishirini na minane ya Rongai hakuna mtu aliyewahi kuuliza chakula kimepikwa na nani, na alitaka huyo Kiptum ajue kwamba ameulizwa.

Alikula samaki na wali pale pale mapokezini. Kisha Cheptanui akamwomba aende akaone chumba, kukiona tu. Kilikuwa na kitanda kilichotandikwa na mikono ambayo si yake. Nyakio akalala juu ya kitanda na viatu, dakika tano, ili mgongo unyooke. Akalala mpaka kesho yake asubuhi. Cheptanui ndiye aliyemtuma mlinzi kumwambia Mwaura kwamba mama yuko salama, amelala.

Jumanne alishuka kwenda namba tisa, na alipofika katikati ya njia akagundua kwamba anakwenda mikono mitupu. Alisimama kidogo, akaona ajabu, akaendelea. Mwaura alikuwa barazani. Alikuwa amejichemshia chai nyeusi tii na kukata mkate vipande vinene kama matofali.

"Umelala wapi?"

"Kwa chumba chetu."

"Chetu ni hiki."

Nyakio akaketi kwenye ukuta wa baraza. Aliwahi kulipanga jambo hili kichwani mara nyingi, akimenya viazi, na maneno yalikuwa mengi na makali. Sasa hayakuja. "Baba Kabiru, nimechoka," akasema.

"Ungesema mapema. Tungekuja na msichana wa kazi."

"Sijachoka leo tu. Nimechoka tangu Rongai. Nilitoka jikoni kule nikakuja jikoni hapa. Watu wanakuja hapa wakae chini, mimi nakuja kupanga foleni ya sahani."

"Ni wiki moja tu kwa mwaka."

"Ni hiyo moja nilikuwa nataka."

Mwaura aliangalia maji. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, na haikuwa na ubishi ndani yake. "Unajua kitu iliua baba yangu."

"Najua. Nimekuwa nikisikia kwa miaka thelathini na nane."

"Basi hii ni ya watoto. Wasikuje wakute moshi ya mtu mwingine."

"Watoto wako wapi?"

Mwaura akatupa jicho mlangoni. Nyuma yake, ndani, viti sita vilikuwa vimepangwa kuzunguka meza kama vilivyoachwa na mfagiaji.

"Kabiru hawezi kukwambia," Nyakio akasema. "Mimi ameniambia. Kila mwezi wa nane anaomba gari iharibike. Sue naye hapendi hapa hata kidogo, anakuja tu kwa sababu ananiona nikipika peke yangu. Hawaitaki, na wanakuogopa."

Ilimwingia. Nyakio aliona ilivyomwingia, kwenye mdomo, na akatamani angekuwa na namna nyingine ya kusema. Mwaura akageuza bahasha mapajani, akaigeuza tena.

"Na kama maji yatarudi, na wagawanye?"

"Nani agawanye, Mwaura?" Alimwita kwa jina lake, na hakuwa amefanya hivyo tangu walipomzika mama mkwe. "Umenunua wiki. Wiki haina kona. Hiyo kayaba utaipanda wapi, kati ya Jumapili na Jumatatu?"

Hapo Mwaura alifunga macho. Nafikiri alikuwa anajua. Nafikiri alijua tangu alipopanda mara ya tatu au ya nne, lakini mtu akishatumia kiinua mgongo chake chote kwa jambo, hulijua polepole sana. Nyakio alingoja aseme kitu. Ndege fulani mweusi alitembea juu ya majani yaliyoelea mpaka kwenye ngazi, akanywa, akarudi. Nyakio akainuka akapanda kilima.

Aliomba fomu kwa Cheptanui. Akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kama alivyokuwa akisaini kitabu cha stoo shuleni. Alidhani angesikia raha, lakini alisikia kama mtu aliyetua mtungi baada ya mwendo mrefu: mzigo haupo, na mabega yanauma vile vile. Akaenda kuketi kwenye viti virefu vya bustani. Mhudumu akaleta chai. Akasema asante, akaangalia ziwa. Lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Siku hiyo Mwaura hakuja. Nyakio aliliona paa la namba tisa kutoka pale alipokaa, na mara mbili alifikiria habari ya mkate, utakuwa umemtosha au haukutosha. Viazi alijua mumewe hawezi kuvichemsha. Si kwamba Mwaura alikuwa mume mbaya. Hakuwahi kumpiga, hakuwahi kunywa, alilipa karo za watoto mpaka mwisho. Alikuwa tu mtu ambaye hajawahi kuona chakula kikitoka mahali pengine isipokuwa mikononi mwa mkewe.

Jumatano, saa saba, Nyakio alikuwa mezani katika ukumbi wa chakula. Alikuwa amekwisha kujipakulia, na sahani ilikuwa bado inafuka mvuke, Mwaura alipotokea mlangoni. Alivaa koti lake la kanisani juu ya gambuti zenye matope. Bahasha ilikuwa kwapani. Alisimama pale akiangalia watu wanaokula, mpaka akamwona mkewe, akaja kwa hatua fupi fupi, akavuta kiti cha mbele yake.

"Umesaini," akasema.

"Nimesaini."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia jana kwamba nimechoka. Ulikuwa umefunga macho."

Cheptanui alileta fomu mwenyewe, akaiweka mezani pamoja na kalamu, akaondoka bila neno. Msichana ana akili. Mwaura alitoa cheti kwenye bahasha na kukilaza kando ya fomu, akavilinganisha pembe kwa pembe. Kilikuwa bado safi, hakina hata kunyanzi, kwa sababu kwa miaka kumi na minne kilikaa sandukuni chini ya nguo. Akasoma fomu yote, hata maandishi madogo. Nyakio hakumharakisha. Kisha akaandika jina lake chini ya la mkewe, na alipomaliza aliendelea kushikilia kalamu, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba kuna karatasi nyingine.

"Sasa mimi ni mgeni," akasema.

"Na mimi."

"Tangu juzi nimekula mkate tu, Mama Kabiru."

Mhudumu aliyekuwa akipita alimsikia. "Mzee, karibu sana. Sahani ziko pale mwanzo. Unajipakulia tu, chochote unataka."

Mwaura akainuka. Akaenda hadi mwanzo wa meza ndefu, akachukua sahani, akasimama. Mbele yake kulikuwa na vyombo kumi na viwili vya fedha vyenye vifuniko, na watu nyuma yake wakingoja. Alikishika kifuniko cha kwanza akakiachia kwa sababu kilikuwa cha moto. Hakujua kama anaanza na wali au na mchuzi. Hakujua hula wali kiasi gani, kwa kuwa tangu aoe hakuna siku sahani yake ilikuwa tupu mkononi mwake. Watu wawili wakampita. Akageuka, sahani imeshikwa kwa mikono miwili kifuani, akamtafuta mkewe kwa macho kutoka upande ule wa ukumbi.

Magoti ya Nyakio yalikuwa yameshaanza kunyooka kutaka kuinuka. Yalifanya hivyo yenyewe, hayakumwuliza, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika ukingo wa meza. Alimhurumia, alimhurumia kweli. Akavuta kiti chake karibu zaidi na meza, akachukua uma, akaendelea kula.